Jibu: Picha 30 za fundi cherehani, mbona hazisimulii kitu?
Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako 30 za fundi cherehani zinavutia moja moja, ila ukizipanga pamoja hadithi haionekani. Nahisi zote umezipiga kwa umbali uleule. Msogelee upate vidole vikisukuma kitambaa chini ya sindano, kisha rudi nyuma hadi chumba kizima kionekane. Na usiondoke kazi ikiisha! Mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith, alipompiga picha daktari wa kijijini huko Colorado mwaka 1948 kwa ajili ya jarida la Life, alimfuata hadi jikoni hospitalini, daktari kachoka baada ya upasuaji, kikombe cha kahawa mkononi. Kwangu mimi, picha ile ndiyo inayozibeba nyingine zote. Zinazorudia jambo lilelile zitoe, hata unazozipenda.