Majina ya mwaka 1838 yalipatikanaje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimesoma kwamba Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kiliwaomba radhi wazao wa watumwa waliouzwa zamani. Majina yao yalipatikanaje? Na kubadili jina la jengo kunamsaidia nani? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nimetunza rejista za parokia miaka 31, kwa hiyo swali lako la kwanza limenigusa hasa.

Mwaka 1838 mapadre wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti jimboni Maryland, ambalo ndilo lililoendesha chuo hicho, wakiongozwa na Thomas Mulledy aliyepata kuwa mkuu wa chuo hicho, waliuza watu 272 kwa dola 115,000 wapelekwe mashamba ya Louisiana. Mkubwa wao kule Roma alishaweka masharti: familia zisitenganishwe, na fedha isilipe madeni. Familia zilitengana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo.

Sasa majina. Anayeuza mtu huandika kila kitu, maana anataka alipwe. Orodha ya mauzo inaanza na Isaac, miaka 65. Humo yumo hata kichanga wa miezi miwili. Kisha meli ya Katharine Jackson ilipotoka Alexandria, karibu na Washington, kwenda New Orleans, Louisiana, sheria ilitaka kila mtumwa aandikwe jina, jinsia, umri, hata kimo, kwa sababu kuingiza watumwa kutoka nje kulikuwa kumepigwa marufuku tangu 1808, na ilibidi ijulikane kwamba hawa wametoka ndani ya nchi. Karatasi ya forodha hiyo, lakini leo mtu anamtafutia humo bibi yake! Tena watu hawa walikuwa Wakatoliki. Walibatizwa, wakafungishwa ndoa, na padre akaandika wazazi na wasimamizi. Hapo ndipo koo zinapojitokeza: Hawkins, Butler, Campbell. Cornelius Hawkins aliuzwa akiwa na miaka kama 13; ukizifuata rejista unafika naye hadi kaburini, mji mdogo wa Maringouin, Louisiana, na wazao wake wapo.

Kuhusu jengo: lile la chuo lililoitwa kwanza Mulledy, tangu Aprili 2017 linaitwa Isaac Hawkins, yule wa kwanza kwenye orodha. Nililia niliposoma habari hiyo, sikufichi. Mwanafunzi anayeulizwa anaishi bweni gani analazimika kumtaja Isaac. Ila kamati ambayo chuo kiliiunda 2015 kushughulikia historia hii ilianza kazi bila wazao wenyewe kuketi mezani, nao walilalamika kwa haki. Huwezi kuzungumzia msiba wa watu huku wafiwa wako nje.

Mwaka 2016 chuo kilitangaza kwamba wazao wakiomba kujiunga watafikiriwa kama watoto wa waliosoma hapo, yaani kwa upendeleo kidogo. Na mwaka 2019 wanafunzi walipiga kura, theluthi mbili wakakubali kila mmoja atoe dola 27.20 kwa muhula kwa ajili ya wazao. Iangalie hiyo tarakimu, ni wale 272. Chuo hakikuichukua ada hiyo, kikaahidi kukusanya michango ya dola 400,000 kwa mwaka. Mimi ningewafuata wanafunzi.