Kagueni Kituturi Mkiwa Mmekaa

Wadogo zangu mlioteuliwa kusimamia vituo vya kupigia kura, katika semina ya juzi niliwatazama mkipanga kituo cha mazoezi, na karibu kila kundi liliweka kituturi, yaani kile kikinga ambacho mpiga kura hupigia kura yake kwa siri, juu ya meza ndefu ya mwalimu, mgongo wa mpiga kura ukielekea dirishani. Usiku ule sikupata usingizi, kwa kuwa kosa hilo nililifanya mwenyewe na kuna mtu aliyelilipia.

1. Fikeni siku moja kabla, mkae kitini, ndipo mkague. Oktoba 25, 2015, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, nilisimamia kituo kilichokuwa katika darasa la shule ya msingi, lenye ngazi tatu mlangoni. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilihesabu karatasi za kura, nikakagua lakiri na wino, nikabandika orodha ya wapiga kura ukutani, nikaridhika. Ngazi zile nilikuwa nimezipanda na kuzishuka kutwa nzima bila kuzifikiria. Kesho yake, yapata saa nne asubuhi, alifika mama mmoja wa makamo akiwa kwenye kiti mwendo, kadi yake ameifunga kwenye pindo la khanga. Karani mwongozaji alimtoa kwenye foleni na kumleta mbele, kama tulivyofundishwa, nami kwa pupa ya kusaidia nikaita vijana wanne wambebe, bila kumuuliza yeye anatakaje. Akanyanyuliwa mbele ya foleni nzima, mkono mmoja ukiing'ang'ania khanga isimvuke. Ndani mambo yakaharibika zaidi: kituturi kilikuwa juu ya kichwa chake, hivyo akaziweka mapajani karatasi zote tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, akapiga kura huku mawakala wa vyama wakiwa hatua mbili nyuma yake. Alipomaliza aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nyote mmeniona." Nilikuwa nimekula kiapo cha kutunza siri, na siri ya mama yule niliianika mimi. Dawati la darasa la kwanza lilikuwa chumba cha pili, na mbao za fundi aliyekuwa akijenga choo cha shule zingetosha kutengeneza njia ya kiti chake. Hadi saa sita mchana vyote viwili vilikuwa mahali pake, lakini yeye alikwisha kwenda.

2. Mpiga kura asiyeona aelezwe habari za jalada la nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa kupapasa, kabla hajauliza. Akitaka msaidizi, amchague mwenyewe, wala asiwe msimamizi, msaidizi wa msimamizi au wakala.

3. Wazee, wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha wasisubiri mpaka waombe. Karani aipitie foleni tangu mwanzo hadi mwisho kila baada ya muda mfupi.

4. Kiziwi hasaidiwi kwa kupazwa sauti. Mtazameni usoni na mwonyesheni kwa mkono.

5. Askari asimame anapoonekana bila kuziba mlango, na ikifika saa kumi jioni aende nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni, maana wote waliokwisha kupanga mstari wana haki ya kupiga kura, na hapo ndipo misukumano huanza iwapo hakuna aliyewaeleza.

Siku ya mwisho ya semina nitakuja na kiti mwendo cha jirani yangu. Kila mmoja wenu atakikalia, ataingia nacho mlangoni na kupiga kura ya mazoezi, kisha tutazipanga meza upya.