Maswali ya wasomaji: Muda wa kudai fidia umepita, nani wa kuuongeza?

Swali: Wanasheria wetu, habari za kazi. Basi liligonga bodaboda niliyopanda, nikavunjika mguu na kufanyiwa upasuaji mara tatu. Bima wakawa wananiambia nisubiri, faili linashughulikiwa. Sasa ni miaka mitatu na miezi miwili tangu ajali. Nataka kuomba mahakama iniongezee muda nimshtaki mwenye basi. Naanzia wapi? – *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Pole sana, ndugu. Usianzie mahakamani. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya fidia ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Ikishapita, hakuna hakimu wala jaji mwenye mamlaka ya kukuongezea muda wa kufungua kesi mpya. Wao huongeza muda wa rufaa na wa maombi. Wa kesi mpya huongezwa na Waziri wa Katiba na Sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, tena kwa kiasi kisichozidi nusu ya muda wa awali. Kwako nusu hiyo ni mwaka mmoja na miezi sita, kwa hiyo mlango unafungwa moja kwa moja miaka minne na nusu tangu ajali. Umebakiwa na miezi 16, na siku ambazo barua yako itakaa wizarani zinahesabiwa humo humo.

Katika barua taja tarehe ya ajali, unayetaka kumshtaki, unachodai, na sababu za kuchelewa zikiwa na tarehe zake. Ambatisha PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), karatasi za kuruhusiwa hospitali kwa kila upasuaji, hukumu ya kesi ya trafiki kama ipo, na barua zote za bima. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua za bima zina mambo mawili. Mahakamani hazikusaidii, maana mazungumzo ya kulipana hayasimamishi ukomo hata siku moja. Kwa Waziri ndizo zinazoonyesha kwamba hukulala. Kulazwa nako hakusimamishi ukomo. Wanaosubiriwa na sheria ni mtoto hadi atimize miaka 18, na mtu asiye na akili timamu hadi apone.

Kosa linaloua madai haya ni kufungua kesi huku amri ya Waziri ikisubiriwa. Wakili wa mdaiwa ataweka pingamizi la awali kwamba muda umepita, na kesi itatupiliwa mbali. Kesi iliyotupwa kwa ukomo huwezi kuifungua upya. Unabaki na rufaa tu. Subiri amri iliyosainiwa, uiambatishe, na ndani ya hati ya madai weka aya inayoeleza kwa nini ukomo haukuhusu. Amri ya VII, kanuni ya 6 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka hivyo, na wengi huisahau wakidhani kiambatisho kinatosha.

Swali: Nina daladala. Nimeshtakiwa na abiria aliyeumia. Nilipokea wito siku 25 zilizopita na sijajibu. Nimechelewa? – *Mwenye gari, Mbeya*

Jibu: Umechelewa, ila una siku tatu. Utetezi wa maandishi huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu kupokea wito. Nyongeza huombwa kabla siku hizo hazijaisha au ndani ya siku saba baada ya hapo, na ukikubaliwa unapata siku kumi. Peleka maombi leo, pamoja na kiapo chenye sababu ya kueleweka. "Nilikuwa safarini" bila tiketi haisikilizwi. Usipofanya hivyo, mdai ataomba asikilizwe upande mmoja.

Swali: Mahakama ya Wilaya ilikataa madai yangu ya kuumizwa na mashine. Siku 90 za rufaa zilipita nikiwa nimelazwa. – *Msomaji, Tanga*

Jibu: Hapa sasa mahakama ina mamlaka. Kwanza hesabu upya: siku ulizosubiri nakala za hukumu na tuzo (amri ya mahakama inayotokana na hukumu), kama uliziomba, hutolewa kwenye hizo 90. Huenda hujachelewa kiasi hicho. Kama umechelewa, peleka Mahakama Kuu hati ya maombi na kiapo. Kipimo ni kile cha shauri la Lyamuya Construction, maombi namba 2 ya 2010 ya Mahakama ya Rufani: kila siku ya kuchelewa ielezwe, kuchelewa kusipitilize, na usionekane mzembe.

Maombi mengi huanguka kwenye pengo la mwisho. Mtu anathibitisha vizuri kwamba alilazwa hadi tarehe 3 Juni, halafu anawasilisha maombi tarehe 20. Hizo siku 17 kiapo hakizitaji, na hapo ndipo jaji anapokataa. Andika: tarehe 4 nilimwona wakili, tarehe 6 nililipia nakala, na stakabadhi iwepo. Ukisema karani ndiye aliyekuambia faili halionekani, karani huyo naye aape kiapo chake, la sivyo maneno yako ni ya kusikia tu. Na kumlaumu wakili wako kwa uzembe kwa kawaida hakukubaliki kuwa sababu.