Ile fimbo inayotangulia kwenye mahafali ni ya nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Juzi nilikuwa kwenye mahafali ya binti yangu, tukaambiwa tusimame, kuangalia naona baba mmoja kabeba lifimbo kubwa linang'aa, kavaa glavu nyeupe, nyuma yake ndo mkuu wa chuo. Ile ni nini hasa? Na kile kitambaa cha rangi cha mgongoni kina maana gani, maana binti kilimkaba siku nzima, picha zote kashika koo! – Mama Mhitimu

JIBU: Marahaba mama, na hongera sana kwa kusomesha.

Ile inaitwa siwa. Wapo wanaosema rungu na hawajakosea, maana ilianza kama silaha kweli. Zamani kule Ulaya walinzi wa wafalme walitembea na rungu la chuma lenye kichwa cha kuvunjia deraya, yaani vazi la chuma la vita, na kwenye kitako, pale chini ya mkono, kukawekwa nembo ya mfalme. Miaka ikaenda, kupigana kukapungua, kichwa kikawa kinasinyaa na kitako kinanenepa kwa mapambo, mwishowe watu wakalipindua! Kwa hiyo kwenye siwa nyingi hicho unachokiona juu kinameremeta asili yake ni kitako. Mimi hilo hunigusa kila nikiona siwa inapita, silaha imegeuzwa juu chini ikawa ya amani.

Vyuo navyo vikachukua mapema sana. Chuo cha St Andrews kule Scotland kina siwa tatu za karne ya 15, moja ilitengenezwa Paris mwaka 1461, na zipo mpaka leo.

Sasa maana yake: siwa ni mamlaka ya chuo kutoa shahada. Mkuu wa chuo hatoi shahada kama mtu binafsi, anatoa kwa niaba ya chuo, ndo maana siwa inamtangulia, ikifika jukwaani inalazwa mahali pake, inakaa hapo wahitimu wakitunukiwa, na wakitoka inatangulia tena. Mliposimama hamkumsimamia yule baba wa glavu, mlisimamia hayo mamlaka.

Kitambaa cha mgongoni wengi wanakiita hudi, na kweli kilikuwa kofia ya joho ya kujifunika kichwa, enzi wasomi wengi ni watu wa kanisa na majengo ni baridi kali. Leo kinasomwa kwa rangi. Marekani walikubaliana utaratibu mwaka 1895, bitana ya ndani ni rangi za chuo, ukingo wa mahameli ni fani uliyosoma, na mikono ya joho inaonyesha ngazi, ya shahada ya kwanza imechongoka. Ila kwingine kila chuo kina kanuni zake, Oxford kivyake Cambridge kivyake, kwa hiyo rangi za chuo kimoja usizisomee kingine utakosea.

Kuhusu kukabwa, pole yake. Hudi ni nzito nyuma kwa hiyo inarudi mgongoni na kuvuta shingo. Nyingi zina kitanzi kidogo cha uzi pale mbele, kile ni cha kuingiza kwenye kifungo cha shati, na kama kavaa gauni lisilo na vifungo basi pini moja kila bega, inabana hudi na joho pamoja. Halafu mtu amsimamie nyuma aipindue bitana itoke nje, maana wengi wanapigwa picha rangi zote zimejificha ndani.