Usimkate kimeo! Mpime kwanza kingamwili

Wewe dada wa Masasi unayeuliza hapa jukwaani mwanao wa miezi 14 umpeleke kwa fundi gani akakatwe kimeo: usiende. Mtoto umesema ameugua nimonia tatu, masikio yote yanatoa usaha, halafu dawa iwe wembe kooni?

Wangu alikatwa. Fundi tuliletewa na jirani hapa Lindi, mzee wa kanzu safi na maneno matamu, akasema kimeo kirefu ndicho kinamkohoza mtoto. Uongo mtupu! Akatoa chuma chake kwenye kitambaa, akakata, akapokea hela yangu ya korosho, akatuombea dua. Usiku uliofuata mtoto anachemka, hanyonyi, amelegea kama mlenda. Hospitali wakasema maambukizi yameshaingia kwenye damu. Tulikaa wodini mpaka paka wa pale wakanizoea. Fundi alipoulizwa, akajibu tulichelewa kumpeleka. Tulichelewa! Hata pole hakutoa, sembuse hela.

Na muuza dawa wa mtaani asijifiche nyuma yake. Kila homa amoksilini, kila homa "ni meno hayo, mama". Meno gani yanatoa usaha masikioni?

Daktari wa watoto kule Dar ndiye aliyeagiza kipimo cha damu cha kingamwili, wale askari wa mwili wanaopambana na vijidudu: aina za IgG, IgA na IgM. Zote ziko chini kabisa. Mwili wake hauzitengenezi. Ndiyo maana miezi sita ya mwanzo alikuwa kibonge, alikuwa anaishi kwa zile nilizompa tumboni. Zilipoisha, vurugu ikaanza. Sasa anatundikiwa dripu ya kingamwili kila baada ya wiki tatu hadi nne. Upungufu wa kingamwili wa aina yake hurithiwa kwa mama na hukamata wavulana, kwa hiyo waulize wazee kama una wajomba waliokufa wachanga. Kwetu mjomba ana neno mpaka kwenye posa, ila wajomba zangu wawili waliofia utotoni hakuna aliyewahi kuwataja mbele ya daktari.

Nimonia mbili ndani ya mwaka mmoja, dai kipimo hicho. Wakikuambia mtoto atakua ataacha, dai tena. Andika kila nimonia na dawa aliyopewa, nenda na karatasi. Na kabla ya matone ya polio mweleze daktari historia yote, maana yale yana virusi hai; chanjo nyingine muulize yeye, usiziache kwa maneno ya jukwaani.

Huyo fundi akipiga simu, mwambie mtoto kasafiri.