Shingo na bega vinakaza, nikichuliwa vinarudi palepale

SWALI: Habari daktari. Huu ni mwezi wa tatu shingo yangu inakaza upande wa kulia mpaka begani. Asubuhi nina nafuu, ikifika jioni panauma hadi kisogoni. Kazi yangu ni ya kushinda kwenye kompyuta. Nimechuliwa, nimepaka dawa za kila aina, lakini nafuu ni ya siku mbili tu. Je, pingili zimesagika? Nipige eksirei?

JIBU: Kwa maelezo yako, naishuku misuli kabla ya mfupa. Maumivu yanayoamka hafifu na kupanda kadiri siku inavyosonga mara nyingi ni ya misuli iliyochoka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, na ukikisogeza mbele kufuata skrini, misuli ya kisogo na mabega ndiyo inayokishikilia. Ikijikaza hivyo saa nzima bila kupumzishwa, lazima ilalamike.

Kwa nini kulia? Tazama kipanya chako. Kikiwa mbali, mkono unanyooka na bega linapanda taratibu kuelekea sikioni, wewe hata hujui. Kivute karibu mpaka kiwiko kikae ubavuni, na skrini uipandishe hadi ukingo wake wa juu ulingane na macho. Simu ya kubana kwa bega, begi la bega moja na kulala kifudifudi vinachangia pia, bila kusahau msongo wa mawazo: wengi wakiwa na wasiwasi hukaza mabega na kuuma meno.

Eksirei sikushauri kwa sasa. Pingili zilizosagika huonekana hata kwa watu wengi wasioumwa popote, hasa kuanzia umri wa makamo. Utatoka na picha ya kukutia hofu, na matibabu yatakuwa yaleyale.

Kuchuliwa si kubaya, ila kunalegeza msuli bila kuupa nguvu. Ndiyo maana maumivu yanarudi. Endelea ukipenda, au weka chupa ya maji moto iliyofungwa taulo kwa dakika 15. Parasetamoli au ibuprofeni kwa siku chache inasaidia, lakini ibuprofeni usiiguse bila ushauri kama una vidonda vya tumbo, tatizo la figo au ujauzito. Kola ya shingo achana nayo.

Dawa hasa ni mazoezi. Keti wima, shusha mabega, kisha rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha wala kuinua uso, mpaka kitokee kidevu cha pili. Haipendezi kwenye kioo, lakini inafanya kazi. Shikilia sekunde 5, rudia mara 10. Siku tatu kwa wiki, shika chupa ya maji kila mkono, inua mabega juu na kuyashusha polepole. Misuli ikivuta kidogo kesho yake, usiogope. Kila nusu saa simama, hata kama ni kwa dakika moja. Jipe wiki sita kabla ya kuhukumu.

Usisubiri wiki hizo ukipata ganzi au udhaifu wa mkono, miguu kuyumba, mkojo kukushinda, homa pamoja na shingo kukakamaa, au kama maumivu yalianza baada ya ajali. Bega likiuma huku kifua kinabana na jasho linatoka, nenda hospitali saa hiyohiyo.