Kusoma shajara za wanawake wa zamani: anza na utangulizi wa mhariri

Utangulizi wa mhariri ndio wengi huuruka, nao ndio wa kusoma kwanza. Humo utajua maneno yaliandikwa lini, nani aliyakata, na yaliyokatwa yametiwa alama gani. Shajara maarufu ya Mary Chesnut wa South Carolina inahusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, lakini aliiandika upya miaka ya 1880, akijua tayari nani alishindwa. Toleo la 1905 lilipunguza hata hayo. Daftari zake za wakati wa vita zilichapishwa 1984. Kwa starehe, soma lolote. Kwa utafiti, usinukuu la 1905 kama sauti ya 1861: penye busara ya ajabu, huenda ni busara ya miaka 20 baadaye.

Angalia na kalenda. Uingereza, kabla ya 1752, mwaka ulihesabiwa kuanzia tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1740 ya mwandishi ni 1741 yetu. Andika 1740/41.

Shajara zinazochosha ndizo zenye utajiri. Martha Ballard, mkunga wa Maine, Marekani, aliandika kuanzia 1785 hadi 1812: hali ya hewa, ufumaji, nani kajifungua, nani kalipa. Ilipuuzwa kwa muda mrefu, hadi mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich alipoifuatilia mstari kwa mstari na kuhesabu uzazi 816. Wewe chora jedwali la tarehe, mtu, kazi, malipo na mahali. Jina liache kama lilivyoandikwa, hata likibadilika kila wiki, na tahajia moja ya kudumu iweke kwenye safu ya pembeni. Ukiyasahihisha mapema utaunganisha watu wawili bila kujua. Soma kurasa chache kwa kikao. Macho yakichoka huruka mistari inayojirudia, na siku mstari huo unapokosekana hutagundua.

Ukiweka riwaya ya zama hizo kando ya shajara, isome kwanza yote, bila kalamu, uifurahie. Mara ya pili ndipo uandike fedha, safari na barua. Haithibitishi kwamba jambo lilitokea. Inaonyesha kile ambacho wasomaji wake wangekubali kuwa kinawezekana.

Frances Burney, mwandishi wa Uingereza, anafaa sana kwa kulinganisha, kwani aliandika shajara na riwaya pia. Riwaya yake Evelina ilitoka 1778 bila jina lake, na shajara za miaka hiyo zipo. Ila uzeeni alizipitia karatasi zake akafuta mistari mingi kwa wino. Ukikuta kimya, tafuta kwanza alama ya mhariri ya maneno yaliyofutwa.